Kwa Jina la Ntare

Gisozi, Kigali
Agosti 2025

Kwako Shemeji Ilyasi,

Naomba karatasi hii ikukute salama, wewe na mama watoto, na mama yako mzazi awe amepata nafuu ya miguu. Sisi huku tunaamka na kulala. Mwanangu Sangwa amenipita kimo mwaka huu, na viatu vyake vya Januari tayari vimembana. Mvua imetukimbia tangu Juni, vumbi linapanda mlima wa Gisozi mpaka kwenye sahani, na mafundi wa samani kule chini Agakiriro wanapiga misumari tangu alfajiri kama kawaida yao.

Wewe na mimi hatujaonana kamwe. Jina langu ni Mutesi, mke wa Ntare. Nimekuita shemeji kwa kuwa wewe na yeye mlikula sahani moja kule Karagwe mkiwa watoto, na sina neno jingine la kukuitia. Barua hii nimemkabidhi Kagabo, dereva anayepakia huko bandarini Dar, nimemwomba aiweke mkononi mwako na si mezani kwa karani. Yaliyomo nimeshindwa kuyaandika kwenye ule ukurasa wa LinkedIn. Sababu yake utaiona.

Nianze na kazi, maana ndiyo iliyowakutanisha tena. Unajua Ntare alikuwa wakala wa forodha mdogo hapa Remera, chumba kimoja juu ya duka la simu, kati ya mawakala wengi wenye majina makubwa. Hakuwa na pesa ya matangazo. Alichokuwa nacho ni subira. Kila asubuhi kabla ya chai alifungua ule ukurasa na kuwaandikia watu: muuza vigae wa Guangzhou, mtu wa meli wa Mombasa, mwenye maghala wa Kampala. Hakuomba kazi. Aliwauliza mizigo yao inakwama wapi, akawaambia anachokijua, na kama hakijui aliwaelekeza kwa anayejua. Mtu akimletea mteja, na yeye alimtafutia wa kwake. Mimi niliyekuwa naandaa makaratasi ya mizigo nilimwambia anapoteza muda kuongea na watu wasio na sura. Miaka miwili baadaye nusu ya kazi yetu ilitoka kwao.

Alikuwa na sharti moja. Hakuandika neno la kumsifu mtu ambaye kazi yake hajaiona. Alisema ukimdhamini mtu kwa jina lako, jina lako linakwenda naye kila anapokwenda.

Kwa hiyo nilishangaa siku ulipomtafuta naye akakupokea, maana niliyajua ya Karagwe. Alikuambia amefurahi, nakumbuka maneno yenyewe, kwa sababu aliyaandika akiwa amekaa karibu nami kisha akafunga kompyuta na kutoka nje bila koti. Baadaye alianza kukuletea wateja wa Kigali wenye makontena Dar, na wewe ukamletea wako. Alifuatilia kontena zako kwa muda mrefu kabla hajaandika lile pendekezo lake. Aliandika kwamba wewe ni mtu ambaye mzigo ukiwa mikononi mwake mwenye mzigo anaweza kulala. Nilipomuuliza kama basi ya Karagwe yameisha, alinijibu, "Kwenye makontena ni mwaminifu. Nimeandika habari za makontena tu."

Nadhani ulijiuliza kwa nini hakuwahi kukupa namba yake ya simu. Ulimwomba mara nyingi, na kila mara alikuambia ana shughuli. Hakutaka kusikia sauti yako, shemeji. Kuandikiana aliweza.

Mwaka jana, msimu wa mvua ndogo, alianza kukataa chakula. Tulidhani ni vidonda vya tumbo. Macho yake yakawa ya manjano, na daktari akatuambia ni saratani ya kongosho na kwamba tumechelewa. Alilala hospitali, akarudi nyumbani, akalala tena. Mikono ilipoanza kumtetemeka aliniomba nimjibie watu wake. Alitamka, mimi nikaandika. Nilijifunza namna yake: salamu fupi, jambo lenyewe, kisha swali moja kuhusu familia. Mwishoni alichoka hata kutamka. Alisema tu, "Mjibu unavyojua."

Ilyasi, Ntare alifariki mwezi wa kwanza. Tulimzika Rusororo, karibu na baba yake.

Najua umeketi sasa, au umesimama. Najua pia kwamba una maneno yake ya mwezi wa pili, na wa tatu, na ya juzi tu. Yale yote niliyaandika mimi.

Sikupanga. Wateja wa hapa Kigali walikuja msibani, wakaniambia nijikaze, ihangane mama Sangwa, na kabla ya mwezi kwisha wakaanza kuchukua makaratasi yao mmoja mmoja. Hawakunitukana. Walisema Ntare ndiye waliyemzoea. Nilibaki na wale wa mbali, wasiojua. Siku moja nilifungua ukurasa wake ili niwatangazie. Nikakuta ujumbe wako: "Ndugu yangu, kimya kingi, upo?" Chini yake ulikuwa umemletea mteja, mama wa vifaa vya hospitali, mzigo uko njiani, anahitaji mtu Kigali haraka. Niliandika, "Nipo, nilikuwa naumwa kidogo." Nilijiambia kwamba baada ya mzigo huo nitasema.

Mzigo ulitoka vizuri. Ukaja mwingine. Kisha ule mtandao wenyewe ukawatangazia watu kwamba Ntare anatimiza miaka kumi na mitano kazini, wampongeze. Wakampongeza. Mtu wa Mombasa aliandika kwamba anamtakia mingine kumi na mitano. Nilikaa pale kwenye kiti chake nikamshukuru kila mmoja kwa jina lake, na sikulia. Hilo ndilo lililoniogopesha baadaye, kwamba sikulia.

Mwezi wa tano yule mama wa vifaa vya hospitali, Annah, alipita Kigali. Alipanda ngazi zetu na kifurushi cha korosho, akasema hawezi kuondoka bila kumpa mkono huyo Ntare anayemwandikia vizuri hivi na kumuuliza habari za wanawe. Nilimwambia amesafiri kwenda Kampala. Alisikitika, akaacha korosho zake. Karani wetu, Trinah, msichana aliyefanya kazi na Ntare tangu amalize chuo, alikuwa mezani kwake, na hakuinua kichwa mpaka mgeni aliposhuka. Kisha alisimama akaweka funguo za ofisi mbele yangu.

"Mama Sangwa," aliniambia, "mimi nilimshonea bosi kitambaa cha jeneza. Siwezi kukaa hapa nikisikia amesafiri."

Nilimwambia kodi ya nyumba haingoji, na ada ya Sangwa haingoji, na yeye mwenyewe analipwa kwa pesa za wateja hao hao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema anajua, ndiyo maana amenyamaza miezi yote hiyo, lakini leo ameona uso wa mtu anayedanganywa, na uso ni kitu kingine. Hajarudi.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa.

Uliandika wakati wa Ramadhani, mwezi wa tatu. Ulisema umefunga na huwezi kuendelea kumwita Ntare ndugu yako huku jambo la baba yake limekaa kati yenu bila kutajwa. Ukalitaja. Ulisema mwaka ule waliporudishwa Rwanda watu wasio na hati, baba yake, Mzee Mutsinzi, aliletwa ofisi ya kata huko Karagwe, na afisa akatafuta mtu wa kushuhudia kwamba mzee huyu amekaa hapo tangu ujana wake. Wewe ulikuwa pale, na duka lako lilikuwa jirani. Ulikunywa maziwa ya ng'ombe wake tangu ukiwa mdogo. Afisa alikuuliza kama unamfahamu, nawe ukasema unamwona tu njiani. Ulimweleza Ntare sababu. Mama yako naye alizaliwa ng'ambo ya mpaka, hana karatasi, na uliona kwamba ukisema namjua, swali litakalofuata ni mama yako ametoka wapi. Uliandika, "Nilimchagua mama yangu. Ningechagua hivyo hata leo. Lakini naomba unisamehe."

Mimi nilikuwa nayajua ya mzee, kwa kuwa ni mimi niliyempokea. Alivuka mpaka wa Rusumo akiwa na mkeka na kidumu cha maji. Ng'ombe wake walibaki, na hatukusikia tena habari zao. Habari za mama yako sikuzijua, na Ntare alikufa bila kuzijua. Siwezi kukuambia kama zingebadilisha kitu.

Nilikaa na maneno yako siku kadhaa. Ningeweza kunyamaza. Lakini ulikuwa umeniahidi mteja mkubwa, yule wa mitambo ya kiwanda, na niliogopa kwamba ukimya utakukatisha tamaa. Shemeji, hiyo ndiyo sababu, na sitaki kuipamba. Niliandika, "Nimekusamehe, ndugu yangu. Baba naye alikusamehe kabla hajafa." Ukanijibu kwamba umesoma ukiwa ofisini na ukafunga mlango. Siku ya pili ulimwandikia Ntare pendekezo mbele ya watu wote, refu, zuri, kwamba ni mtu ambaye moyo wake ni mkubwa kuliko kazi yake. Watu wengi walilipenda. Mtu wa mitambo aliandika wiki hiyo hiyo.

Kisha juzi umeandika kwamba unakuja, mwezi ujao, kwa basi la kushukia stendi ya Nyabugogo, pamoja na mama yako ambaye miguu haimruhusu lakini amekataa kubaki. Mnataka kumkumbatia Ntare, kisha awapeleke kwenye kaburi la mzee. Mama yako anataka kumshukuru mzee kwa msamaha wake. Niliposoma habari za mama yako sikuweza kuandika tena kwa jina lile.

Basi chukua ukweli, ingawa najua ni mzito kuliko uwongo wangu. Ntare hakukusamehe. Nilimuuliza hospitali, akiwa bado anasema, kama nikuite uje umwone. Alisema, "Mwache alete wateja, na mimi nitampelekea wake mpaka nife. Mlangoni kwangu simtaki." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejibu swali alilokwisha kulijibu moyoni siku nyingi.

Mzee naye hakuwahi kukusamehe, kwa kuwa hakuwahi kukulaumu. Aliishi kwetu mwaka mmoja na kidogo. Jioni alikaa kibarazani akiangalia mabati ya Agakiriro, na mara kwa mara aliniuliza kama mtoto wa Mama Ilyasi alikuwa anaumwa siku ile ya ofisini. Nilimwambia sijui, baba. Alifikiri kidogo, kisha akajijibu mwenyewe kwamba labda hukumtambua, kwa sababu mbele ya wakubwa alikuwa amevua kofia, na wewe hujawahi kumwona bila kofia.

Sijui ufanye nini na hayo. Mimi nimekaa nayo miaka na sijui. Msamaha niliokuandikia haukuwa wangu kuutoa, na nimeutoa ili nipate kazi. Kagabo akinipigia kwamba umeisoma barua hii, nitaandika kwenye ule ukurasa kwamba Ntare amefariki, na tarehe halisi. Wateja wataondoka. Yule wa mitambo nimeshamtafutia wakala mwingine mzuri, mtu ambaye kazi yake nimeiona kwa macho.

Kama bado mtakuja, siwezi kuwafungulia mlango kwa niaba ya Ntare, maana yeye alishasema. Mtakuja kwangu. Nitawapeleka Rusororo mlipotaka kwenda, na mama yako nitamshika mkono pale penye mteremko. Kama hamtakuja, nitaelewa, wala sitangojea jibu.

Msalimie mama yako, umwambie yaliyo kweli kwa namna utakayoona anaiweza. Wabusu watoto. Sangwa anawasalimu, ingawa hajui nimeandika nini. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi,
Mutesi, mjane wa Ntare