Malalamiko ya Mzee Wafula Kwenye Ofisi ya Maji

Mpendwa Shangazi Norah, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana usingizi umenihama kabisa.

Mimi ni mjane, mama wa mtoto mmoja, Nabiswa, nina kibanda cha dobi hapa Dandora, nafua nguo za watu kwa mkono, beseni sita na kamba tatu, lakini ofisi ya maji inanitoza bei ya biashara kubwa kana kwamba nina kiwanda, na tukiendelea hivi mwezi ujao nafunga. Madobi wenzangu wakaniambia niombe kushushiwa bei, nikachukua fomu, kumbe lazima isainiwe na mwenye akaunti, na mwenye akaunti ni mume wangu Wafula, ambaye tulimzika kwao Kimilili miaka mitatu iliyopita. Nakiri sikuwahi kubadilisha jina, kwa sababu kila mwezi ujumbe wa bili ukiingia kwa simu unaanza na "Mpendwa Wafula", na nilipenda kuona kuna mahali bado anaitwa. Basi nikaiga sahihi yake, halafu nikaogopa, nikaificha fomu chini ya godoro.

Wiki jana akanipigia Jacky, karani wa malalamiko. "Mama Nabiswa, mzee wako alikuja jana. Ameongea poa sana, hata mkubwa wetu amemskiza. Mwambie arudi Alhamisi, wanataka kuwashushia bei." Nikamuuliza mzee gani. Akasema yule wa koti la kahawia, aliomba maji ya kunywa akashika glasi saa nzima bila kuonja, akasema mikono ya mke wake imechubuka na hatendewi haki. Shangazi, tulimzika na koti la kahawia. Nilienda ofisini nikaiona fomu aliyoiacha, na sahihi ni ya Wafula, na ile yangu bado iko chini ya godoro. Nikisema alikufa, maombi yanaanguka na kibanda kinaanguka nayo. Nikinyamaza, nani atakuja Alhamisi?

Muhonja, Dandora

Muhonja, pole kwa msiba, na pole kwa mikono yako. Sasa nikukaripie kidogo. Miaka mitatu unalipa bili kwa jina la marehemu ili ulisome kwenye simu? Na kuiga sahihi ni kosa la jinai, mama! Itoe hiyo karatasi chini ya godoro leo, uichome.

Aliyekwenda pale sijui ni nani, mimi si mganga. Labda ni broka anayenusa rushwa, labda ni shemeji mwenye huruma. Sikufichi, nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimeinuka kufunga mlango. Lakini hoja aliyoitoa ni ya kweli, na anayefua ni wewe.

Jumatano asubuhi beba cheti cha kifo, kitambulisho chako, barua ya chifu na bili za miezi sita. Hamisha akaunti, jaza fomu mpya, na uwachukue madobi wenzako wasiopungua watatu. Wakikuambia uanze upya, anza upya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo waonyeshe mikono.

Alhamisi fika mapema. Ukimkuta kwenye benchi na koti lake, usipige kelele wala usimuulize amefikaje. Mwambie, "Baba Nabiswa, asante. Nimekuja mwenyewe." Kisha mpite uende dirishani, na usigeuke nyuma mpaka umetaja jina lako.