Kwa Fundi Gundi, Aliyesoma Mpaka Ukurasa wa Mwisho

Mwaka umetimia, Fundi Gundi, tangu uinuke kwenye kiti chako cha karakana ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo. Hukukirudia tena.

Kibanio chako cha kubania vitabu bado kipo mezani, karibu na dirisha. Anayejalidi vitabu sasa ni binti yako, kitindamimba. Mishono yake imenyooka, ingawa gundi anaipaka kama anayepaka siagi, na kwa hilo ungemsema. Wateja wanaleta vitabu vilivyochanika migongo kama zamani, na kama zamani, hakuna kitabu kinachotoka humu kabla hakijasomwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yako, na ndiyo iliyowafanya watu wakusengenye. "Nimekileta kitengenezwe, sikukileta shule," alikufokea mwalimu mmoja. Ukamjibu kwa upole, "Siwezi kumshona mtu nisiyemjua."

Hukuwa mwepesi wa kuhukumu. Hata kitabu kibaya ulikisoma chote, uso umeukunja kama mtu anayemeza dawa, maana ulisema mtu hahukumiwi kabla hajamaliza kusema. Kisha ulikwenda bombani ukanawa mikono kwa sabuni, polepole, mpaka viwikoni. Tukisikia maji yanakwenda muda mrefu tulijua leo kimeingia kichafu. Mezani ndipo ulipotueleza kwa nini, na kila mmoja wetu akasema lake.

Tumeendelea hivyo hivyo. Mkeo, uliyemwita Hakimu kwa sababu hukumu yake ilichelewa kuliko hata yako, amesoma sana mwaka huu. Ngoja tukupe habari, ingawa si njema.

Ilianza riwaya nene aliyoileta muuza dawa. Mwanamke anapigwa na mumewe tangu mwanzo, na katika sura ya mwisho anampigia magoti, anamshukuru kwa kumfunza mapenzi. Mkeo naye alinawa mpaka viwikoni siku ile. Mezani akasema, "Kipigo kipo duniani, na kiandikwe. Kinyaa changu ni kwa huyu mwandishi. Kila mama yule anapoanguka, yeye anasimama kutueleza nguo ilivyompanda mapajani. Huyu haandiki, anachungulia."

Kikafuata kitabu cha mawaidha, cha bwana mmoja anayefundisha watu kufaulu. Anasema uchovu ni jina la heshima la uvivu. Kitindamimba alikisoma kwa sauti huku mkeo akimenya viazi.

"Anaamka alfajiri, anatafakari, anakimbia, anakunywa maji ya ndimu. Mama, hakuna mahali anapoosha kikombe. Nani anakiosha?"

"Endelea kusoma, mwanangu. Pengine yuko mbele."

Wakasoma mpaka jalada la nyuma. Hakuwepo. "Watu wa nyumba nzima wamefungiwa jikoni," akasema mkeo, "ili mmoja aonekane amejitegemea. Kitoe hapa, kinanuka."

Kilichotuburudisha ni kijitabu chembamba kuhusu nzi. Aliyekiandika aliwatazama kwa miaka mingi, wanavyozaliana, wanavyotembea juu ya uozo, wala hakuwasingizia lolote. Mkeo alisema ndicho kitabu kisafi kuliko vyote vilivyoingia humu tangu utuache. Tulicheka siku ile, na kicheko chenyewe kilitushangaza.

Ndipo kikaja cha mdogo wako. Majirani wanauliza kiko wapi kile kitabu alichotangaza kwamba kingesomwa leo kwenye kumbukumbu yako. Tumeona tukujibu wewe, nao wasikie.

Ni kitabu cha maisha yako. Alikileta kikiwa kurasa zilizofungwa kwa kamba tu, ili kitindamimba akijalidi, na mkeo aandike maneno ya mbele kuthibitisha kwamba yote yaliyomo ni kweli. Sura ya mwisho ingesomwa mbele ya wageni wa leo.

"Hii ni zawadi yangu kwa kaka, shemeji," alisema. "Wewe onja kidogo tu, utaona."

"Nitasoma chote," akajibu mkeo.

Akakisoma, akakirudia. Humo ndani huna hasira, wala hujawahi kuirusha riwaya ya watu kwenye beseni la nguo. Kila mlango ukifunguka, wewe unatoa methali. Hayo aliyavumilia, kwa kuwa mtu akimpenda ndugu yake humpaka rangi. Lakini sura ya mwisho imekulaza juu ya mashuka meupe, chumba kinanukia maua, nawe umemshika mdogo wako mkono ukimwachia wosia mrefu juu ya amani. Wewe, ambaye koo lilikuwa limefunga na neno halitoki! Chumba kile kilinuka dawa na mkojo. Aliyekuwa akikugeuza na kukufuta ni kitindamimba, na kitabuni hayumo hata kwa kivuli. Mdogo wako alikuwa mbali kikazi. Alipofika, ulikuwa umekwisha kuoshwa.

Hapo kinyaa kilimshika mkeo kuliko kwa riwaya yoyote. Kifo kile, kwa ubaya wake wote, kilikuwa chetu. Wajukuu wako watakua, watasoma habari za maua, na hawatamjua kamwe aliyebeba beseni. Mkeo akitia mkono wake mbele ya kitabu, huo ndio utakuwa ukweli wao. Akikataa, huenda akampoteza ndugu yako wa pekee, na nyumba igawanyike mwaka wa kwanza tu baada yako. Alilipima jambo hilo siku nyingi, kitabu kikiwa juu ya kabati kama mgeni asiyeaga.

Mdogo wako alipokuja kusikiliza jibu, mkeo aliinuka kwenye kiti.

"Shemeji, usiende bombani kwanza," mdogo wako akamwambia. "Niambie kwa mdomo."

Mkeo akakishusha kitabu kabatini, akakiweka mezani, akaketi tena. Unajua hana sauti kubwa. "Ile sura ya mwisho inanitia kichefuchefu, shemeji. Siwezi kuitilia saini."

"Nimemsitiri kaka yangu! Ulitaka niandike mkojo?"

"Nilitaka umwandike aliyeufuta."

Kitindamimba alikuwa mlangoni na sinia la chai. Mdogo wako alimtazama, akatazama chini, akaifungua ile kamba ya kurasa zake, akaizungushazungusha kidoleni.

"Sikuwepo," akasema mwishowe. "Ninyi mna kifo chake. Mimi nina hiki nilichojitengenezea."

"Basi andika kwamba hukuwepo."

"Nani atasoma habari za mtu ambaye hakuwepo?"

"Mimi," akajibu mkeo. "Na sitaruka ukurasa."

Mdogo wako alikusanya kurasa zake kwa papara. Moja ikaponyoka, ikaingia chini ya meza. Kitindamimba akaweka sinia, akapiga magoti akaiokota, akampa baba yake mdogo kwa mikono miwili. Akaipokea bila kumtazama usoni. Chai hakuigusa, na tangu siku hiyo hajakanyaga hapa.

Kwa hiyo leo hakuna sura itakayosomwa. Tutakaa karakanani kwako, na mwenye neno juu yako atasema aliloliona kwa macho yake, hata kama ni siku uliyomfokea kwa kukunja pembe ya ukurasa.

Tangazo hili lote tulimpelekea mdogo wako kabla halijatoka, tukamwuliza kama tumtaje miongoni mwetu au tumwache. Jibu lake tumeliweka hapo mwisho, kama lilivyokuja.

Wanaokukumbuka ni mkeo, Hakimu wako. Binti yako mkubwa na mumewe. Kitindamimba, aliyekuwa nawe mpaka pumzi ya mwisho. Wajukuu wako wote. Na mdogo wako, asiyekubaliana na neno hata moja la tangazo hili isipokuwa hili la mwisho: kwamba maisha yetu yote tutakukumbuka.