Mlio wa Pikipiki ya Lugembe

Gongoni, Tabora

Kwako kaka yangu Nasri,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta wewe, wifi Shamila na watoto mkiwa wazima huko Mwanza. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama mguu umeacha kuvimba, ameanza tena kwenda sokoni mwenyewe, na anakusalimu sana. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijafika mwisho. Naomba uisome yote kwanza, ndipo uniulize.

Jumatatu alikuja gereji kwetu Bwana Lugembe, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo. Mkewe, Apolinaria, alikuwa amejifungua hapa mjini na mchana ule alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali. Lugembe alitaka kumpakia yeye na mtoto warudi nyumbani. Pikipiki yake ni ya siku nyingi, na alisema imeanza kulia kama mashine ya kusaga. Alikuja kwa baba kwa sababu, kama unavyojua, watu husema Mzee Mfaume akishaisikiliza injini hakuna haja ya kuifungua.

Baba aliiwasha, akaegemeza bisibisi kwenye injini, akainama nayo. Hakukawia. Akasema ni cheni, imelegea na imekauka. Akaikaza, akaipaka oili, akamwambia Lugembe aiache hapo, aende akamchukue mkewe. Mimi nilikuwa pembeni nafunga gurudumu la pikipiki nyingine. Kaka, ile pikipiki ilikuwa imesimama, haijaingizwa gia, gurudumu halizunguki, na mlio ulikuwa unaendelea vilevile. Cheni isiyotembea italiaje?

Sikutaka kumsahihisha baba mbele ya mteja. Lugembe alipoondoka nikaiwasha tena. Nikabana klachi, mlio ukakatika. Nikaachia, ukarudi. Hapo ndipo nilipoogopa, maana ni baba mwenyewe aliyenifundisha kwamba mlio wa hivyo unatoka kwenye beringi ya giaboksi, na kwamba beringi hiyo ikivunjika ukiwa mwendoni, gurudumu la nyuma linaweza kukwama ghafla. Nikaiwaza barabara ya Urambo, malori yanavyofuatana, na mzazi amekaa nyuma na kichanga.

Nikamwita baba, nikamweleza. Akaja, akasimama karibu na injini akiitazama, akaniambia, "Hakuna mlio hapo." Alisema kwa upole tu, wala hakunigombeza. Zabibu anayeuza vitenge ng'ambo ya barabara alikuwa ameshageuka kuangalia kitu gani kinacholia, na baba yuko hatua moja ananiambia hakuna mlio. Nikadhani ananipima. Halafu nikadhani amechoka. Nilidhani kila kitu isipokuwa kilichokuwapo.

Lugembe akarudi na mkewe kwa bajaji. Apolinaria alikuwa bado mnyonge, mtoto kamfunga kifuani kwa khanga. Baba akanyoosha mkono kumpa Lugembe ufunguo, nami nikaunyakua. Sijawahi kumfanyia baba jambo kama lile, tena mbele ya watu. Akaniamuru nimpe mtu ufunguo wake. Nikasema sitautoa mpaka tumwage oili ya injini tuone kama ina chuma. Lugembe akakasirika, akasema jua linakwenda na mzee ameshasema pikipiki ni nzima, mimi ni nani. Nikaukaza ufunguo kiganjani.

Apolinaria ndiye aliyetuokoa. Akasema taratibu, "Mzee, shikamoo. Hata mimi huo mlio nausikia. Ulinitisha tangu siku ananileta."

Baba alikuwa amegeuka, anautazama mdomo wake alipokuwa akisema. Kisha akaniambia nimwage oili.

Ilitoka imejaa unga wa chuma unaometameta, na mwisho kikadondoka kwenye beseni kipande cha beringi chenye ukubwa wa ukucha. Lugembe alikiokota, akakigeuza mkononi. Hakumlaumu mtu. Alimpokea mkewe mtoto, akampakata, akasimama naye kivulini mgongo umetuelekea. Baadaye wakapanda basi, pikipiki ikabaki kwetu.

Sasa kaka, ninalotaka kukuambia ni hili. Baada ya swala ya alasiri baba aliniita, akaniambia masikio yake yanakufa. Sauti nyembamba hazisikii tena tangu mwaka jana. Amekuwa akiuma mpini wa bisibisi kwa meno ili mtetemo wa injini umfikie kupitia mifupa, na kwa injini inayogonga hilo lilimtosha. Mlio kama ule haukumfikia kabisa; cheni alibahatisha tu. Alisema nisingechukua ufunguo, angewaua watu watatu huku akiwatakia safari njema.

Aliniapisha nisikuambie, anaogopa utakuja ufunge gereji. Nakuambia kwa sababu najua unavyoumia. Zile simu zako anazokata, au ananipa mimi kabla hujamaliza salamu, si hasira za ugomvi wenu, kaka. Hakusikii. Anaona aibu kukuuliza mara ya pili umesema nini.

Nakuomba mpeleke kwa madaktari wa masikio hapo Mwanza. Gereji iache. Jana tumemaliza kufunga beringi mpya, na Lugembe alipofika baba aliiwasha pikipiki akarudi nyuma, akanisogeza mimi mbele yake. Nikasikiliza bila gia, nikasikiliza klachi ikiwa imebanwa, nikaenda nayo mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Alikuwa amesimama palepale ananisubiri, na Lugembe naye akimsubiri yeye. Nikamwambia imetulia. Akaitika kwa kichwa, akamwambia mteja, "Binti yangu amesema imetulia. Nenda."

Wasalimie wote, watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Ukija, usianze kuzungumza ukiwa mlangoni. Ingia, kaa mbele yake, mwache akuone usoni, ndipo umwamkie.

Wassalaam, ni mimi mdogo wako,
Zuwena