Picha ya Bibi Uliyoniomba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na mwanao, mdogo wangu ambaye hadi leo tunamjua kwa picha tu. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Mama amenikataza kuandika habari yoyote kabla sijauliza.

Huku hatujambo. Mama bado anafua na kupiga pasi kule hotelini. Goti la Bibi linamsumbua asubuhi na kutulia mchana. Mimi nimepanda darasa, ingawa hesabu bado zinanitoa jasho.

Kamera uliyonitumia imenipatia marafiki. Kila Jumamosi alasiri tunakutana nyuma ya duka la fundi redio, sisi tunaopiga picha kwa kupenda tu. Yupo nesi, na yupo dereva wa lori tunayemwita Breki kwa sababu husimama popote akiona mwanga mzuri. Kila mmoja huleta picha moja ya maisha ya kila siku, huibana kwenye kamba kwa kibanio cha nguo, kisha husimulia dakika iliyotangulia picha hiyo. Asiyesimulia, picha yake inashushwa. Siku moja nesi alileta picha ya viatu vyake vya kazi, basi. Akasema alivivua baada ya zamu, akakaa sakafuni akicheka peke yake, kwa kuwa mtoto waliyekwisha kumkatia tamaa alikuwa ameomba kikombe cha pili cha chai.

Sasa nije kwenye ombi lako. Uliniomba picha moja ya sura ya Bibi, uiweke karibu na kitanda chako. Mjomba, nimehangaika miezi minne. Nikiinua kamera, yeye anainua sinia. Nina picha kumi na moja za sinia, na moja imetoka vizuri sana. Mama alidhani Bibi anaona haya kwa sababu ya mapengo.

Hapo ndipo nilipokosea. Wiki tatu zilizopita nilijibanza nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, nikampiga Bibi picha akicheka na jirani. Nilienda studio kuisafisha, nikaipeleka kikundini nikitembea kwa maringo. Fundi redio alishika kibanio, lakini hakukibana.

"Bibi mwenyewe kasemaje?"

"Hajui."

"Basi huyo ni kuku wa wizi," Breki akasema. "Hata akinona vipi, huwezi kumwandalia mgeni."

Nesi aliniuliza kwa upole dakika iliyotangulia picha ile ilikuwa ipi. Ilikuwa ni mimi nikijificha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilirudi nyumbani, nikamwekea Bibi picha mapajani na kumweleza kila kitu. Aliisogeza mbali na macho yake, akaitazama.

"Kumbe bado nimo," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe mwizi, unadhani naficha mapengo?"

"Sasa Bibi, unaficha nini?"

"Mjomba wako ni kitinda mimba wangu, namjua. Alikuwa akililia chakula, ukimwonjesha kijiko kimoja ananyamaza, analala. Ukimpelekea sura yangu ataonja, atanyamaza. Miaka saba sasa hajakanyaga hapa! Mimi alinitumia picha ya mwanawe. Kila asubuhi namnusa yule mtoto. Ananukia karatasi."

Nilikaa naye tu hadi Mama aliporudi kutoka kazini.

Kesho yake aliniita mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, amekaa kwenye kiti cha dirishani, mikono imetulia. Akasema nipige, mapengo na yote, ila picha isitoke nchini. Aliniruhusu kuipeleka kikundini Jumamosi moja tu, na akanihesabia saa za kurudi.

Pale kikundini nilisimulia dakika yangu bila kujificha. Nilipokuwa nikitafuta mwanga, Bibi aliniuliza, "Hivi atanitambua?" Nikafungua mdomo nimjibu, na kidole kikabonyeza. Breki aliinamisha kichwa. Fundi redio hakuita picha iliyofuata.

Kwa hiyo, Mjomba, katika bahasha hii hutaikuta sura ya Bibi. Nimekutilia picha ya kiti cha dirishani, niliyoipiga mara tu alipoinuka. Mto bado umebonyea. Usinikasirikie. Najua ruhusa ya kazini haipatikani kwa urahisi, na najua mimi ni mtoto, sifai kuwafundisha wakubwa. Lakini nilimpa Bibi ahadi, na safari hii nataka kuitimiza.

Mama anakusalimu sana na anakuuliza kama bado unalala na soksi. Jirani anakusalimu. Msalimie mkaza mjomba, na umbusu mdogo wangu shavuni kwa niaba ya bibi yake. Mungu awafungulie njia, na kila mlango mtakaobisha ufunguke.

Picha ya Bibi tumeitundika juu ya kabati la vyombo, usawa wa macho ya mtu mzima. Yenyewe inaweza kukungoja miaka mingine saba. Bibi siwezi kumsemea.

Wako akupendaye, anayetamani kukufungulia mlango,
Mpwa wako.