Pedali Laini Niliyokutengenezea

Kwako Yaya, mkubwa wangu wa tumbo moja, uliye mbali kule ziwani,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya tairi bovu uani kwa tajiri wetu Mreno. Ni siku tatu tangu nilale chali chini ya ile motokari yetu, na bado sijaamini nilichokiona. Nataka ukisikie kwangu kabla hakijafika huko kwa vinywa vya wasafiri.

Unakumbuka ulivyoanguka kwenye ngazi ya ghala na gunia la mpunga mgongoni? Goti la kushoto likavimba, na mguu wa kushoto ndio wa ambreaji, ile pedali inayoachanisha mashine na magurudumu ili dereva abadili gia. Ilikuwa ngumu hata kwa mtu mzima wa afya. Gari lilikuwa la kabla ya vita, tundu zimepanuka, pini zinachezacheza, na ukikanyaga nusu ya nguvu inapotelea njiani. Ulirudi kutoka Kabambare umefunga goti kwa kitambaa cha Mama, ukashuka ukishikilia mlango. Mimi nilikuwa na miezi michache tu tangu Mreno aniruhusu kushika spana zake. Nikakuambia uniachie gari siku mbili.

Nilifanya kazi ile kwa moyo wote, Yaya. Pini nilizichonga upya. Tundu nilizitia vipande vya shaba nyekundu. Halafu ule mkono wa chuma uliosukumwa na fimbo ya pedali nikauona mfupi. Nikafua mwingine kwa chuma cha springi ya lori, mrefu kuliko wa kwanza kwa vidole vinne. Ulipokanyaga mara ya kwanza, pedali ilizama bila ubishi. Nilisimama pale dirishani nakungoja useme, kama mwanafunzi anayengoja padre asome daftari lake.

“Iko laini,” ulisema. “Sasa goti itapumuzika.”

Nilikwenda nyumbani natembea kifua mbele.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza vituko vyako, au ndivyo nilivyoviita. Kila ulipofika mahali uliegesha mteremkoni. Kule Wamaza ulikataa kusimama sokoni, ukaenda kule juu penye mawe, akina mama wakabeba vikapu vyao huku wanakusema. Lusangi, pale ardhi ilipo sawa, ulipandisha magurudumu ya nyuma juu ya kichuguu kilichobomoka. Kisha ulikuwa unatia gia mashine ikiwa imezimwa, unaliachia gari litelemke mpaka liwake lenyewe. Mimi nilicheka kuliko wote. Ni mimi niliyekubandika jina la Bwana Mteremko, likaenea mpaka Salamabila. Wewe ulicheka nasi.

Na kuna siku uliniuliza kitu. Tulikuwa tunakula muhogo na samaki kwa Mama, ukasema bila kuniangalia: “Haungeweza kutengeneza mukono ingine, ya pili? Ya akiba tu.” Nilichukia. Nikakujibu kwamba ule niliotengeneza utatuzika sote. Ukanisogezea samaki, hukurudia tena.

Miezi ikapita, meno ya gia yakakatika kwenye mlima, gari limejaa mpunga wa watu. Unajua yaliyofuata, lakini acha niyaandike kwa mkono wangu. Mreno alikuita kwenye baraza ya duka lake mbele ya wapimaji mpunga, makarani na wateja. Akaniita na mimi. Akauliza mbele ya wote, ubovu uko kwenye gari au uko kwa dereva?

“Motokari iko muzima, Bwana,” nilisema. “Ni dereva.”

Sikutumwa na mtu kusema vile. Niliamini. Niliona haya kuwa na kaka mharibifu, nikataka Mreno ajue kwamba sisi wawili hatufanani. Wewe uliangalia mikono yako, ukasema, “Ni mimi,” basi. Akaandika katika buku yako ya kazi kwamba unavunja magari, na kwa maneno yale hakuna mzungu wa hapa Kasongo ambaye angekupa tena usukani. Ulipoondoka kwenda kubeba magunia bandarini, Mama alikusindikiza mpaka njia panda. Mimi nilijifanya nina kazi.

Sasa sikia. Gia mpya zilipofika, Mreno alimwajiri Kasimu, dereva wa kutoka Kabambare. Siku ya kwanza hakufika hata mwisho wa mji. Akarudi ameloa jasho, akaniambia: “Hii motokari haisikie mutu. Ninakanyaga mupaka chini na gia inalia tu.” Nikajisemea, mharibifu mwingine huyu. Nikamwambia akae akanyage, nami nikaingia chini ili nikitoka nimwonyeshe mbele ya watu kwamba hajui kazi.

Akakanyaga. Ule mkono wangu mrefu, mzuri, uliong'aa kwa grisi, ukaenda mbele. Lakini kule ndani, ile panda, uma wa chuma unaogeuzwa na mkono ule ili kuiachanisha mashine, ilisogea kwa unene wa ukucha. Nikamwambia akanyage tena. Akakanyaga. Unene wa ukucha. Nikamwambia tena, mpaka Kasimu akaniuliza kama nimelala huko chini.

Yaya, hata mtoto anajua kwamba mlango unasukumwa kwa wepesi ukiushika mbali na bawaba, na kwamba hapo mkono wako unatembea sana ilhali penye bawaba mlango hausogei hata kidogo. Niliurefusha ule mkono, nikaupata wepesi, nikaupoteza mwendo. Kumbe tangu siku ile ya kwanza pedali yangu haikuwa inaachanisha kitu. Uliendesha mvua na kiangazi bila ambreaji, unazitafuta gia kwa sikio, na vile vichuguu na miteremko vilikuwa vya kuliondoa gari na kunificha mimi. Nilikuwa nacheka aibu yangu mwenyewe.

Nilikwenda kwa Mama nimejaa mafuta mpaka usoni. Nikamuuliza kwa nini hukusema hata neno moja. Hakuacha kupepeta.

“Nyungu ya kwanza dada yenu alifinyanga ilikuwa inavuja, na bibi yenu aliipikiaka mupaka kufa,” alisema. “Yaya wako, unazani alilelewa mu nyumba gani?”

Ndipo niliposhtuka mara ya pili, na mshtuko huu wa pili ndio haujanitoka. Nyumbani kwetu kazi ya kwanza ya mkono wa mtu anapewa mkubwa wake, naye hataji kasoro yake, ili mkono usiogope. Ya pili ndiyo inayosemwa. Uliniomba ya pili, Yaya! Ulikuwa unaitafuta ruhusa ya kuniambia ukweli, nami nikakunyima kwa sababu ya majivuno, kisha nikakuuza barazani. Nimejaribu kujisamehe nimeshindwa. Sijui wewe uliwezaje kula na mimi sahani moja.

Jana nilikwenda kwenye baraza ile ile, saa ya kupima mpunga, watu wakiwa wengi. Nikasema kwa sauti kwamba dereva alikuwa mzima, motokari ndiyo iliyokuwa mbovu, na aliyeiharibu ni mimi. Wapimaji waliacha mizani. Mreno akaninyang'anya spana, akanirudisha kwenye kujaza matairi upepo. Nimestahili. Lakini aliniita tena baadaye, akasema ukirudi ataandika mstari mwingine katika buku yako chini ya ule, na kiti chako utakikuta. Kasimu alikuwa anasikia. Anasema yeye atarudi kwao Kabambare kuendesha lori jipya la mjomba wake, na kwamba anayeweza kuendesha kitu kile hana wa kumfundisha.

Kabla sijanyang'anywa spana nilikuwa nimeshafua mkono mwingine. Ni mfupi, kipimo cha ule wa zamani. Shaba na pini nimeziacha palepale, nimeongeza springi ya kuusaidia mguu. Panda inatembea upana wa kidole. Pedali si laini, na goti lako litaniambia kama inavumilika.

Ya kwanza uliipokea kimya. Hii ni ya pili, Yaya. Njoo uikanyage, uiseme vibaya mbele ya watu wote, nami nitakungoja pale njia panda ambapo sikukusindikiza.

Mdogo wako, mwenye mikono