Mashua Tuliyoibeba Mabegani

Alder Falls, Wisconsin
9 Machi 1938

Mpendwa mwanangu Ragnhild,

Hujambo huko Oregon? Watoto hawajambo? Kile kikohozi cha Januari kimekuachia? Mimi mapafu yamechoka. Daktari siku hizi haji na mkoba, anakuja na kofia mkononi, kama anayekuja kuniaga.

Barafu ya mtoni imeanza kupasuka; naisikia nikiwa kitandani. Ndiyo iliyonifanya niombe kalamu.

Unajua serikali ilichukua kinu cha kaka yangu, baba yako, ili ijenge bwawa, na mahakama ikaamua alipwe fidia ya ardhi na mawe ya jengo tu. Kwa nguvu ya maji iliyokizungusha kinu miaka yote ile, hakupata kitu. Mto unaopitika kwa mashua, walisema, ni wa umma, na maji yake hayana mwenyewe. Kesi nzima ilibaki swali moja: je, mashua iliwahi kupita kwenye maporomoko yetu?

Kila masika vijana wa hapa walishindana kuteremka mtoni. Mwaka 1889 mimi na Gunnar, baba yako, tulishangiliwa kuwa wa kwanza kuyapita maporomoko. Kanisa likatupa kikombe cha fedha. Ukweli ni kwamba tulipoyaona tuliogopa. Tuliibeba mashua mabegani kupitia msituni, tukaishusha majini huko chini, tukajimwagia maji tulowe.

Wakili wa serikali alizisikia sifa zetu. Baba yako akaapa kwamba tuliibeba. Ukumbi ukaangua kicheko.

“Leo ndiyo unakumbuka, Gunnar?” akapaza sauti Tollef muuza samaki. “Rudisha kikombe basi!”

Nikaitwa mimi, mwalimu mkuu. Viti vilijaa wanafunzi wangu wa zamani. Baba yako hakuniondolea macho. Nikasema, “Tulipita.”

Wakaniamini, kwa kuwa nimesoma.

Nje aliniambia, “Halvor, mdogo wangu, wangekucheka wiki moja tu.” Hakunisemesha tena hadi alipokufa.

Nyinyi mkahama, mkiilaani serikali. Nami nilikuwa stesheni nikiwapungia mkono.

Nimeapa upya mbele ya mchungaji. Karatasi imo humu. Bwawa halitabomolewa, lakini wanao wajue babu yao alisema kweli siku ilipomgharimu. Kikombe nakituma pia. Nimekisugua miaka yote hii, kwa sababu wageni hukiulizia. Ukitaka, kitumie kulishia kuku.

Nisalimie mumeo Even na mdogo wako Sigrid. Mungu akukinge na ndugu wa aina yangu.

Akupendaye, japo amechelewa,
baba yako mdogo,
Halvor Brekke