Sahani ya Mama Yenye Pengo

Nyuma ya Karakana ya Mbao,
S.L.P. 118.
9 Agosti

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha salama, wewe huko na sisi huku. Vipi hali yako? Mgongo umekuachia kidogo? Na wifi, presha yake imetulia? Nawaombea kila asubuhi kabla sijafungua cherehani, ingawa nisikudanganye, miezi hii miwili sala hiyo imekuwa ikinitoka kwa shida. Nitakueleza kwa nini.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ipo, sare za shule zimejaa mpaka kitandani, nalala pembeni kama mpangaji. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, fundi bati jirani yetu akaliziba. Hayo ndiyo mazuri, na yamekwisha.

Mama hali chakula, Kaka.

Si kwamba anaumwa. Muuguzi wa zahanati alimpima Jumanne akasema kifua kizima, tumbo zima, ila uzito umeshuka kilo nne tangu mwezi wa sita. Akaniuliza kama nampikia. Niliulizwa hivyo mbele ya watu waliojaa kwenye benchi, mimi ninayemlisha mama huyu mwaka wa kumi na moja sasa. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Chanzo ni vile vyombo. Najua ulishanijibu kwenye simu kwamba sahani ni sahani, ukacheka, ukasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Mwanao alipokuja likizo na wenzake, walitaka kwenda kulala kwenye mahema kule mtoni siku tatu. Wakaniomba lile sanduku la sahani za bati, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu, alizopewa Mama kambi ya wapima ardhi ilipofungwa. Nilifurahi, sikufichi. Nilijisemea, hatimaye kuna mtu wa ukoo anayezitaka kwa kazi yake hasa. Unakumbuka zilivyohangaika nasi. Miaka kumi na tisa Mama aliwapikia wapima ardhi porini, mjane, sisi wawili tukimfuata nyuma, hadi wakamwita Mama Kambi. Sahani zile zilibebwa kwenye malori, zikasuguliwa kwa mchanga, zikawekwa juu ya makaa kupasha chakula cha waliochelewa. Lori lilipopinduka kwenye ule mteremko, vikombe vya kauri vya mkuu wa kambi vikawa unga. Za Mama zilibiringika mpaka bondeni, zikaokotwa, zikafutwa, na chakula cha mchana kikapakuliwa humo humo.

Basi wakazihesabu, wakapata kumi na moja. Wao walikuwa kumi na wawili. Ya kumi na mbili ilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, imetoka kuoshwa, sahani ya Mama mwenyewe. Niliichukua kwa mkono wangu huu nikaitia sandukuni ili hesabu itimie. Siku tatu tu, nikawaza, Mama atatumia bakuli. Hilo ni kosa langu na nimeshalipeleka kwa Mungu. La kwenu ndilo nakuandikia.

Walirudi na sanduku jipya. Mwanao akaniita sebuleni mbele ya wenzake wote, amesimama kama anayekabidhi zawadi ya harusi. "Shangazi, zile zilikuwa na kutu, zimebanduka-banduka, si salama kwa afya. Nimekununulia nyingine." Zile za Mama walizifukia kwenye shimo la takataka, eti waache mahali pasafi. Wenzake wakapiga makofi. Mmoja akanipiga picha nikiwa nimeshika sahani mpya mdomo wazi, na naamini huko aliko anawaonyesha watu jinsi nilivyofurahi.

Hizo mpya zimechorwa mlima na hema, na zimeandikwa kuwa ni za kambi. Kana kwamba sahani hujifunza kazi kwa kuandikwa. Wiki iliyofuata kikombe kimoja kati ya vilivyokuja nazo kiliteleza mezani, si kwenye lori, mezani, rangi ikapukutika nusu ya kitako. Kutu imeshaanza. Afya ndiyo hiyo.

Sasa nikuambie kuhusu Mama. Unajua macho yamekwenda, mwanga anauona, watu hawaoni. Usichokijua, kwa sababu hujaketi naye mezani tangu macho yafe, ni namna alivyokuwa akila. Sahani yake ina pengo ukingoni, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa namwekea pengo limwelekee kifuani. Wali juu, mboga kushoto, nyama kulia. Anaweka kidole gumba cha kushoto kwenye pengo, anamshukuru Mungu, halafu mkono wa kulia unakwenda wenyewe, haudondoshi hata punje. Wageni walikuwa hawaamini kwamba haoni.

Siku ya kwanza na sahani mpya alizungusha kidole ukingoni mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akaweka mikono mapajani akasubiri. Nikamwambia, Mama, kula. Akainama upande wangu akaniuliza kwa ile sauti ya ugenini: "Wenyewe wanarudi saa ngapi?"

Tangu siku ile Mama yuko kwa watu. Anakula matonge matatu anasukuma sahani, anasema tusiwamalizie wenyewe chakula. Ananiomba nimwelekeze choo, katika nyumba aliyoijenga yeye. Asubuhi namkuta amekunja shuka lake vizuri amelipakata, tayari kuaga. Nikimwambia hapa ni kwako, ananijibu kwa adabu kwamba kweli, wametupokea vizuri sana.

Nilijaribu ujanja, Mungu anisamehe. Nilimwomba fundi bati achukue sahani moja mpya, aitie pengo mahali pale pale, ukubwa ule ule. Akapiga kwa patasi, akalainisha kwa tupa, kazi safi. Nikampelekea Mama na chakula chake. Kidole kikatembea, kikafika kwenye pengo, kikasimama. Nikaanza kumshukuru Mungu moyoni. Halafu akauondoa mkono haraka. "Nani ameharibu sahani ya watu?" Siku hiyo hakula kabisa, akihofia lawama zitaniangukia mimi.

Na ile sahani ya plastiki yenye vyumba uliyosema ninunue, nimenunua. Amedhani ni chombo changu cha kushonea. Amenipangia vifungo humo, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo.

Kaka, pengo lile ni lako. Huenda umesahau, nami nilikuwa mdogo, lakini Mama alikuwa akilisimulia kila akiosha vyombo. Ile ilikuwa sahani yako. Uliitupa kwenye jiwe la jikoni kwa hasira kwa sababu mboga ilikuwa ile ile siku ya nne, ukingo ukabanduka, kisha ukaikataa kwa kuwa imeharibika. Mama hakukupiga. Alikupa yake nzima akachukua yako, na hakuibadilisha tena kwa miaka arobaini na zaidi. Kidole chake kimepita juu ya hasira yako mpaka ikawa laini, hata kutu haikupata pa kushika. Fundi bati na tupa yake angeiga vipi hiyo?

Ninachotaka ni kidogo. Mwanao anasema hakumbuki shimo lilipo. Kando ya mto ule kuna mahali patatu pa kupiga mahema. Jumamosi mimi na fundi bati tulikwenda na jembe, tukachimba pa kwanza mpaka viganja vikatoka malengelenge, tukapata chupa na kiatu kimoja. Lakini vijana wale walipiga picha siku zote tatu, mpaka za soksi zao zikianikwa. Mwambie anitumie zile zinazoonyesha hema na kilicho nyuma yake, mwamba, kisiki, chochote, nami nitapatambua. Ni kazi ya dakika tano. Nimemwandikia ujumbe mara saba. Alijibu mara moja, kwa picha ya kidole gumba.

Sahani zenyewe hazinitii wasiwasi. Zilitoka bondeni, zitatoka na shimoni. Hata tukichelewa miaka ishirini tutazikuta zilivyo, zinangoja kuoshwa. Mama hana miaka ishirini. Sijui kama ana mpaka mwisho wa mwaka.

Unisamehe kama kalamu imekuwa kali. Nimeomba nisikuchukie, na kwa kiasi nimejibiwa. Msalimie sana wifi, binti yenu mkubwa na mumewe, na yule mama mkwe wako aliyenitumia uzi mweupe, mwambie bado naushonea. Mwanao naye msalimie. Ni damu yangu, simwombei mabaya, namwombea kumbukumbu. Fundi bati anawasalimu nyote.

Mungu awalinde njiani na mezani, na awajalie mshibe siku zote mkiwa kwenu.

Mama ameketi hapa karibu na cherehani, anasikiliza kalamu. Ameuliza namwandikia nani, nikakutaja. Akaniambia niandike hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie mwanangu aje anichukue. Nimekaa sana kwa watu."

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye hata kwa hasira hii.